Joy Adamson: Kabla ya simba kulikuwa na maua

Ukitoka Naivasha mjini na kufuata barabara ya Moi South Lake, matatu itakupitisha kando ya ziwa na mashamba ya maua yaliyofunikwa kwa plastiki, na baada ya takriban kilomita 20 utafika Kamere. Huu ni mtaa wa watu wa kazi. Alfajiri utaona vijana wakielekea kwenye mashamba ya mawaridi, wengine wakishuka ufukweni kutafuta samaki, kila mtu amejifunika jaketi kwa sababu baridi ya ziwa haina huruma. Karibu na hapo kuna lango la Mbuga ya Hell's Gate linaloitwa Lango la Elsa. Songa mbele kidogo utakuta boma lenye miti mikubwa, jina lake Elsamere.

Kama unaishi huku, majina haya mawili unayasikia kila siku. Lakini muulize kijana yeyote Elsa alikuwa nani, atakwambia ni simba. Muulize mwenye boma alikuwa nani, atakwambia ni yule mzungu wa simba. Basi, stori inaishia hapo.

Ebu leo tuifungue upya. Joy Adamson, kabla hajamlea simba yeyote, alijulikana kwa jambo jingine kabisa, na jambo lenyewe liko karibu zaidi na maisha yako wewe unayepanda sukuma kwenye gunia nyuma ya ploti. Alijulikana kwa mimea. Michoro yake ya maua ilikuwa mikononi mwa wenye bustani miaka mingi kabla dunia haijasikia jina la Elsa.

Mtoto wa nchi ya baridi

Alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa ndani ya dola ya Austria na Hungaria. Leo mji huo unaitwa Opava na uko katika Jamhuri ya Cheki. Jina lake halikuwa Joy. Wazazi walimwita Friederike Viktoria Gessner.

Ukitaka kumwelewa, anza na hiyo baridi. Wewe ukisema Naivasha ni baridi unamaanisha asubuhi za Julai, pumzi inapotoka kama moshi. Lakini hata Julai hiyo sukuma yako inaendelea kuota. Kule alikozaliwa yeye, ardhi huganda. Bustani inalala kwa miezi, na huwezi kutoka nje ukachuma hata jani moja la kupika.

Kwa hiyo watu wa nchi hizo walijua tangu zamani kwamba mwenye bustani ana kazi mbili, kukuza na kuhifadhi. Kabichi ilikatwakatwa, ikatiwa chumvi na kushindiliwa kwenye mapipa ichachuke, iweze kukaa mpaka theluji iyeyuke. Plamu zilipikwa zikawa jemu nzito. Matango yalilowekwa kwenye siki, uyoga ukakaushwa, viazi na karoti vikawekwa penye giza na ubaridi chini ya nyumba. Aliyezembea wakati wa jua alijua atakachokula Januari: hakuna.

Familia ya Gessner ilikuwa na uwezo, haikuwa ya wakulima wa kuhangaika. Hata hivyo, mtoto anayekulia katika hewa ya namna hiyo hujifunza somo ambalo sisi wa nchi ya jua tunalisahau kirahisi. Kitu kizuri kina muda wake, na usipokiwahi kinakwenda.

Maisha yenyewe yalimfundisha somo hilo mapema. Alikuwa na umri wa miaka minane tu pale Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoisha na dola aliyozaliwa ndani yake ikavunjika. Wazazi wake wakaachana akiwa bado mdogo, naye akaenda kuishi kwa nyanya yake jijini Vienna.

Huko Vienna alijaribu kila kitu. Alisomea piano hadi akapata stashahada. Akajifunza ushonaji. Akajaribu kuchonga sanamu, kupiga picha, kujalidi vitabu. Akaanza kujiandaa kusomea udaktari, akaachia njiani. Ungekuwa naye leo, mjomba wako angemwambia hana msimamo, mara hiki mara kile. Na wewe unayesoma hapa huenda umeshaambiwa hivyo mara kadhaa. Tulia. Hakuna hata moja kati ya hizo kazi lililopotea bure, kama utakavyoona.

Kufika Kenya

Mwaka 1935 aliolewa na Viktor von Klarwill, mfanyabiashara Myahudi wa Austria. Hali ya Ulaya ilikuwa inaharibika. Wanazi walikuwa tayari wanatawala Ujerumani, na kila Myahudi mwenye macho aliona wingu linakuja. Mume akamtuma mkewe atangulie Kenya mwaka 1937, aangalie kama panafaa kuhamia.

Melini alikutana na Peter Bally, Mswisi mtaalamu wa mimea. Maisha yana mambo yake. Ndoa ya kwanza ilivunjika, na mwaka 1938 akaolewa na Bally. Mwaka huohuo Hitler aliimeza Austria, kwa hiyo hata kama Friederike angetaka kurudi nyumbani, nyumba yenyewe ilikuwa haipo tena kama alivyoiacha. Bally ndiye aliyempa jina la Joy, na likamkaa.

Bally alifanya kazi katika Makavazi ya Coryndon jijini Nairobi, ambayo leo unayajua kama Makavazi ya Kitaifa. Mwaka 1938 makavazi hayo yalituma msafara wa wataalamu kwenye Vilima vya Chyulu, na Joy alikuwemo. Ni katika safari na mume huyo wa pili ndipo alipoanza kuchora maua kwa bidii. Yule msichana wa kujaribujaribu alikuwa amepata kazi yake.

Ua halisubiri

Hapa inabidi uelewe namna mimea inavyohifadhiwa na wataalamu, kwa sababu ndiyo siri ya kazi yake yote.

Mtaalamu akikuta mmea porini, hachukui picha na kuondoka. Anakata tawi lenye jani, ua na ikiwezekana tunda. Analitandaza katikati ya karatasi zinazofyonza maji, hata magazeti kuukuu yanafaa, kisha analikandamiza kati ya mbao mbili zilizofungwa kwa mikanda. Karatasi zinabadilishwa mara kwa mara mpaka mmea ukauke kabisa. Baadaye unabandikwa kwenye karatasi ngumu, na pembeni panaandikwa uliokotwa wapi, lini, na nani, katika mwinuko gani. Ukihifadhiwa vizuri mahali pakavu, mmea huo unaweza kukaa miaka mia na zaidi.

Ukiangalia vizuri, ni akili ileile ya nyanya yako anayeanika majani ya kunde juani, au ya mama wa Kisumu anayepasua samaki na kumkausha awe obambla. Kinachooza chakula na mimea ni vijidudu, na vijidudu vinahitaji maji. Ondoa maji, umevinyima maisha.

Lakini kukausha kuna bei yake. Mboga ikikauka inakunjamana na kubadilika rangi. Ua nalo ni hivyohivyo. Umbo la jani linabaki, mishipa inaonekana, lakini ile buluu, ule wekundu, ile njano ya asubuhi, vyote vinafifia vikawa rangi ya chai. Mtu atakayefungua ile karatasi miaka 50 baadaye atajua kila kitu kuhusu ua hilo isipokuwa lilivyokuwa linapendeza.

Basi hapo ndipo Joy alipoingia. Kazi yake ilikuwa kuokoa kile ambacho mbao na karatasi haziwezi kuokoa. Ua likishakatwa linaanza kunyauka saa hiyohiyo, tena kwenye joto la nyika haichukui muda. Alilazimika kukaa chini na rangi za maji na burashi, aangalie petali ngapi, zimepindia wapi, madoa yako upande gani, na achore haraka bila kukosea. Ukichelewa, ua limelala. Ukiharakisha ovyo, umechora ua ambalo halipo duniani. Mikono iliyozoea piano na macho yaliyozoea kamera na patasi vilikuwa na kazi hapo.

Alichora mamia. Aliendelea hata baada ya ndoa ya Bally nayo kuvunjika. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, afisa wa wanyamapori wa kaskazini mwa Kenya, na makao yao yakawa Isiolo. Safari za kazi za George zilimpeleka mahali ambapo wachoraji wachache sana walikuwa wamefika.

Kitabu cha bustani

Wakati huo walowezi wa nyanda za juu walikuwa na shida moja kubwa. Walikuja na mbegu za kwao na akili za kwao, wakakuta nchi ambayo iko karibu na ikweta lakini usiku inatetemesha. Ziwa Naivasha liko zaidi ya mita 1,880 juu ya usawa wa bahari. Ukipanda juu Kinangop, asubuhi nyingine unaamka ukute jalidi nyeupe imeunguza viazi. Mmea unaopenda Mombasa hauna haja na Kinangop, na wa Kinangop utalia Mombasa.

Wanachama wa chama cha wakulima wa bustani cha Kenya waliandika kitabu cha kuwasaidia, Gardening in East Africa, kilichohaririwa na Jex-Blake. Michoro ya Joy ilitumika humo. Alichora pia kwa ajili ya vitabu vingine vya maua, miti na vichaka vya Afrika Mashariki. Kupitia michoro hiyo, mtu aliyekuwa akipita porini bila kuangalia chini aliweza kutambua kwamba kile kichaka cha kando ya njia kinafaa kuletwa nyumbani, na kwamba hakuna haja ya kuagiza kila ua kutoka ng'ambo. Mwaka 1947 shirika kuu la kilimo cha bustani la Uingereza, Royal Horticultural Society, lilimpa nishani ya dhahabu ya Grenfell kwa kazi hiyo.

Tuseme ukweli wote lakini. Kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya walowezi, na bustani nyingi kati ya hizo zilipandwa kwenye ardhi ya watu wengine. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kwenye malisho yao ya Bonde la Ufa, Naivasha na Nakuru zikiwemo, ili wazungu wapate mashamba. Na wanawake wa Kiafrika walikuwa wakiitambua mimea ya nchi hii vizazi na vizazi kabla ya nishani yoyote. Nani alihitaji kuonyeshwa managu, terere au saga? Hao hawakuandikiwa kitabu wala hawakuombwa kuandika. Unaweza kuiheshimu kazi ya Joy na bado ukaliona hilo. Vyote viwili ni kweli.

Kutoka maua hadi watu

Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ilimpa kazi nyingine, kuwachora watu wa jamii mbalimbali za Kenya wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya kimila. Alizunguka nchi kwa miaka kadhaa, kutoka pwani hadi ziwani hadi kaskazini, akachora mamia ya picha. Baadaye, mwaka 1967, alitoa kitabu cha The Peoples of Kenya.

Alichora watu kwa jicho lilelile la maua. Kila ushanga una mahali pake, kila chale iko ilipo, manyoya ya kilemba hayapungui wala kuzidi. Leo mtu wa jamii fulani akitaka kujua kofia ya wazee wake ilishonwa vipi, anaweza kuangalia zile picha na kujifunza.

Ila kuna swali ambalo picha hazijibu. Wale watu walikuwa binadamu wenye sauti, sio mimea ya kubandikwa kwenye karatasi. Waliitwa wakae, wakachorwa, na picha zikaenda. Ukiziona kwenye Makavazi ya Kitaifa Nairobi, simama mbele ya moja na ujiulize yule mzee alikuwa anawaza nini. Ushanga wake umehifadhiwa vizuri sana, lakini stori yake kwa maneno yake mwenyewe haimo.

Halafu akaja Elsa

Sehemu hii unaijua, kwa hiyo tupite haraka. Tarehe 1 Februari 1956 George aliua simba jike aliyemvamia, kisha akagundua kwamba alikuwa akilinda watoto watatu. Akawabeba hadi nyumbani. Wawili walipelekwa kwenye hifadhi ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Mdogo kuliko wote alibaki, na Joy akamwita Elsa.

Kilichowatofautisha Joy na George na wafugaji wengine wa wanyama wa porini ni kwamba hawakutaka kumweka Elsa hadi azeeke mikononi mwao. Walimfundisha kuwinda na kumrudisha porini Meru, jambo ambalo wengi waliamini haliwezekani. Likawezekana. Elsa alizaa watoto wake huko mwishoni mwa 1959, akarudi kuwaonyesha. Januari 1961 akafa kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe.

Kitabu cha Born Free kilitoka 1960 na filamu ikafuata 1966. Chapaa iliingia kwa wingi, na nyingi yake Joy aliielekeza kwenye kuhifadhi wanyamapori. Dunia nzima ikamjua kwa simba. Maua yakasahaulika.

Nyumba kando ya ziwa

Mwaka 1967 wana Adamson walinunua nyumba kando ya Ziwa Naivasha, ile ambayo leo ni jirani ya Kamere. Joy akaiita Elsamere. Fikiria sehemu hiyo bila kijiji unachokijua. Biashara ya maua ya kuuza ng'ambo ilikuwa bado haijashika huku. Hakukuwa na taa za mashamba usiku wala mabasi ya wafanyakazi alfajiri. Kulikuwa na mafunjo, viboko, ndege, mbega kwenye migunga, na maua ya yungiyungi ya buluu yaliyotandaza juu ya maji.

Ukitafuta yale mayungiyungi leo, utachoka. Yalitoweka ziwani miaka ya 1970, baada ya wanyama wageni kuingizwa na kuanza kutafuna mimea ya majini. Aliyekuwa na mchoro au tawi lililokaushwa amebaki na ushahidi. Aliyesema atakuja kuyaangalia mwaka ujao alikuta maji matupu.

Mwaka 1969 Joy alipata ajali ya gari na mkono wake wa kulia ukaumia vibaya. Huo ndio mkono wa piano, mkono wa burashi, mkono uliochora mamia ya maua na nyuso. Haukurudi kuwa ulivyokuwa. Alipokuja kukaa Elsamere miaka ya mapema ya 1970, alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mbele yake ziwa lililojaa vitu vya kuchora, naye mkono haumtii kama zamani. George alikuwa mbali, Kora, na simba wake. Waliishi hivyo, kila mtu kivyake, ingawa hawakuachana.

Alihamia kwenye kuandika. Alitoa kitabu kuhusu duma wake Pippa, kisha kitabu cha maisha yake mwenyewe mwaka 1978. Hakukaa kitako akalia. Lakini mtu yeyote ambaye amewahi kupoteza kile anachokifanya vizuri kuliko vyote atajua kwamba hilo halikuwa jambo dogo.

Upande mgumu

Joy hakuwa mtu rahisi. Waliofanya naye kazi na waliomjua vizuri walimkumbuka kama mwenye hasira za karibu na mkali kwa wafanyakazi, ambao hawakudumu. Aliyekuwa na subira ya kukaa saa nzima mbele ya ua dogo mara nyingi hakuwa na subira ya dakika tano kwa mpishi wake. Hilo halifichiki, na si vizuri kulificha.

Katika miaka yake ya mwisho alikuwa katika hifadhi ya Shaba, Isiolo, akimlea chui aitwaye Penny. Jioni ya tarehe 3 Januari 1980 alikutwa amekufa, siku chache kabla ya kutimiza miaka 70. Habari za kwanza zilisema ameuawa na simba, na dunia ikaamini kwa sababu ilifanana na stori yake. Uchunguzi ulionyesha alidungwa na silaha yenye ncha. Mwaka 1981 mahakama ilimpata na hatia kijana aliyewahi kumfanyia kazi. Kwa kuwa umri wake wakati wa tukio ulikuwa na utata, aliepuka kitanzi na akafungwa miaka mingi.

Majivu ya Joy yalipelekwa Meru, kwenye makaburi ya Elsa na Pippa. George naye aliuawa kwa risasi na majangili huko Kora mwaka 1989.

Ukisikia watu wakibishana kama alikuwa mtu mwema au mbaya, usiharakishe kuchukua upande. Alihifadhi vingi. Ila uhusiano na watu walio karibu nawe ni kitu ambacho hakihifadhiki kwa kukaushwa wala kuchorwa. Huo unatunzwa kila siku au unaoza, na wake na wafanyakazi wake ulikuwa umeoza kabla ya ile jioni ya Shaba.

Wewe unabaki na nini?

Elsamere iko wazi kwa wageni. Ndani kuna vitu vyake na baadhi ya michoro yake, na nje kuna bustani inayoshuka hadi ziwani. Kama unaishi Kamere na hujawahi kuingia, panga siku uende na marafiki. Kama uko Nakuru au Nairobi, ipange na safari ya baiskeli ya Hell's Gate. Ukifika, usikimbilie simba. Angalia maua kwanza.

Halafu rudi nyumbani na ufanye kitu. Hauhitaji shamba. Gunia moja la udongo uliochanganywa na mbolea, mawe katikati ya kupitisha maji, matundu pembeni, na unaweza kupanda sukuma, spinachi au managu ya kutosha nyumba ndogo. Mvua ya Machi hadi Mei itakupa mboga nyingi kuliko unavyoweza kula, na hapo ndipo wengi hukosea kwa kuziacha zizeeke au kuzimwaga.

Kausha zinazozidi. Osha majani, yachovye kwenye maji yanayochemka dakika mbili hivi, yatoe, yachuje, yatandaze kwenye wavu safi mahali penye kivuli na upepo. Jua kali moja kwa moja huharibu vitamini, kwa hiyo kivuli ni bora. Yakishakuwa makavu ya kuvunjika mkononi, yatie kwenye mkebe usioingiza hewa, uyaweke gizani. Januari na Februari, wakati wa kiangazi, ndiyo miezi mizuri ya kukausha huku Naivasha. Julai, mawingu na baridi vitakuletea ukungu. Na tahadhari moja: usifungie mboga mbichi kwenye chupa ukidhani zitakaa kama za dukani. Bila siki ya kutosha au mtambo wa presha, kuna vijidudu vya sumu vinavyoweza kuota humo ndani bila harufu, na vinaua.

Kwenye mkebe, bandika karatasi. Andika ni mboga gani, ilitoka wapi, tarehe gani. Nyanya yako akikutajia jina lake kwa lugha ya kwenu, liandike hilo pia, pamoja na jina la nyanya mwenyewe na anavyoipika. Hapo utakuwa umefanya jambo ambalo vitabu vile vya zamani havikulifanya, kwa sababu utakuwa umehifadhi mmea pamoja na sauti ya mtu anayeujua.

Tena usisubiri. Maji ya Ziwa Naivasha yalipopanda mwaka 2020, yalifunika mashamba na makazi ya watu kandokando, na mimea iliyokuwa inaota hapo ikaenda nayo. Nyanya zetu nao hawatakaa milele. Simu yako ina kamera, daftari ni la bei ndogo, na Jumapili hii mama mboga wa Kamere atakuwa na managu mabichi. Muulize aliyapanda wapi.